Jinsi ya kwenda Ranthambore, India: chui milia na ngome ya kale kwa safari moja

Maswali ni yale yale kila wiki. Nikiwa India nitaonaje chui milia, kibali kinapatikana wapi, visa ikoje, ile ngome iliyo juu ya kilima nayo inahitaji kibali, naweza kwenda kwa siku moja nikarudi? Wengine wako Jaipur au Delhi wanasoma, wengine wamempeleka mgonjwa wakabaki na siku mbili tatu za nafasi, wengine wanatoka Dar au Nairobi moja kwa moja kwa ajili ya hii kitu tu. Sasa naandika yote hapa, soma mpaka mwisho kabla hujalipa chochote.

Kwanza tuwekane sawa. Chui milia wa porini hayupo Afrika, sio Serengeti, sio Mara, sio popote, kwahiyo kama unamtaka porini ni Asia na India ndio wako wengi kuliko nchi yoyote, hesabu yao ya 2022 ilitoa makadirio ya 3,682. Ranthambore iko Rajasthan, wilaya ya Sawai Madhopur, ina takribani chui milia 70, na ina kitu ambacho hifadhi nyingi hazina: ngome ya zaidi ya miaka elfu moja iko katikati ya pori, na chini yake kuna mabwawa na majumba yaliyobomoka ambayo wanyama wamejichukulia. Zamani palikuwa pori la kuwinda la wafalme wa Jaipur. Hata mume wa Malkia Elizabeth aliwinda chui milia hapo Januari 1961. Mwaka 1973 India ilipoanzisha mradi wa kuwaokoa hawa wanyama Ranthambore ikawa moja ya zile za mwanzo, na 1980 ikawa hifadhi ya taifa.

Msimamo wangu nausema mapema ili ujue mwongozo huu unaelekea wapi: chui milia ni bahati, ngome ni hakika. Panga siku zako hivyo. Watu wengi wanapanga safari nne za gari, wanamkosa mnyama, wanaondoka wamenuna na ngome hawakuipanda kabisa, na inauma kwasababu ilikuwa juu ya vichwa vyao muda wote.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasi ya kusafiria yenye muda wa kutosha, angalau miezi sita mbele na kurasa tupu.
- Visa. Watanzania na Wakenya tunaomba ile ya mtandaoni. Hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, anuani yake inaishia na gov.in, maana ziko tovuti nyingi za kufanana nayo zinazokutoza mara mbili tatu.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Hii usiifanyie mchezo. India wanawabana sana wasafiri kutoka nchi zenye huo ugonjwa, chanjo iwe imepita siku 10 kabla hujaingia, na ukifika bila kadi wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6. Siku 6 ni safari yote imeisha hapo.
- Rupia taslimu za noti ndogo ndogo. Wenyeji wanalipa karibu kila kitu kwa simu kwa mfumo wao ambao mgeni hana, na kadi za benki za kwetu zinakataa mara nyingi.
- Fotokopi za pasi na visa, mbili au tatu, na picha zake kwenye simu.
- Nguo za rangi ya udongo au kijani iliyofifia. Sio nyekundu, sio njano ya kung'aa.
- Viatu vya kutembelea vyenye kushika chini, kwa ajili ya ngome.
- Skafu au kanga ya kufunika pua na mdomo, vumbi la Rajasthan sio la kawaida.
- Kamera ya kawaida kama unayo au unaweza kuazima. Sababu nitaisema kwenye hatua ya 6.
- Binocular, hata ndogo.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla hujachagua tiketi ya ndege

Hifadhi ina kanda 10. Kanda 1 mpaka 5 ndio kiini chenyewe, hizo zinafungwa kuanzia Julai mosi mpaka Septemba 30 kwasababu ya mvua za masika yao. Kanda 6 mpaka 10 ziko pembeni na baadhi zinaendelea kupokea wageni hata kipindi hicho. Sasa mtu anapata likizo Agosti, anakata tiketi, alafu anakuja kuuliza kwanini hawamuuzii kibali cha kanda 3.

Oktoba na Novemba pori bado kijani, pazuri sana kwa picha ila nyasi ndefu zinaficha wanyama. Desemba na Januari asubuhi kuna baridi kali, nyuzi joto zinashuka chini ya 10 na gari halina paa wala vioo, huo upepo wa alfajiri mtu wa Tanga au Mombasa atautambua. Februari na Machi hali ya hewa nzuri kuliko zote. Aprili mpaka Juni joto linavuka 40, mateso kwako lakini majani yamekauka na maji yamebaki kwenye mabwawa machache, kwahiyo chui milia anakuja kwenye maji na uwezekano wa kumuona unapanda. Ukiniuliza mimi nakwambia Machi, katikati ya pande zote.

Onyo: Diwali, Krismasi mpaka mwaka mpya, na wikendi zote, Wahindi wenyewe wanajaza hifadhi. Jumatatu mpaka Alhamisi ndio nafuu yako, ila Jumatano ina jambo lake, nitalisema kwenye ngome.

Hatua ya 2: Buku kibali cha safari KABLA ya hoteli na kabla ya treni

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanabuku ndege, hoteli, treni, wanaacha kibali cha mwisho, na kibali ndio kitu pekee chenye idadi ndogo. Idadi ya magari kwa kila kanda imewekewa kikomo na serikali, yakijaa yamejaa, hakuna cha kuongea na mtu.

Magari ni ya aina mbili. Kuna Gypsy, kigari kidogo cha Suzuki kilichofunguliwa juu kinachobeba abiria 6, na kuna Canter, lori dogo la wazi lenye viti 20. Gypsy ni ghali zaidi ila linapita njia nyembamba, linageuka haraka, na halina kelele ya watu 20 kila mmoja anataka kusimama. Kama hela inaruhusu chukua Gypsy. Kama hairuhusu Canter sio vibaya, omba Mungu upate kiti cha pembeni, na usikubali mtu akwambie Canter haioni chui milia, inaona.

Safari ni mbili kwa siku, ya asubuhi na ya mchana, kila moja kama masaa matatu na nusu. Dereva na mwongoza wageni wanatolewa kwa zamu, hauingii na gari lako binafsi.

Njia za kubuku ni tatu:

1. Mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya jimbo la Rajasthan. Ndio bei halali isiyo na nyongeza. Shida yake inataka namba ya siri inayotumwa kwenye simu na kadi za nje zinagoma mara kwa mara, kwahiyo jaribu mapema ujue kama unaweza.
2. Kupitia hoteli utakayolala. Wataongeza chao juu, hiyo kawaida, ila waulize kwanza wanaongeza kiasi gani na wakutumie kibali chenyewe kwa imeili, sio ujumbe wa "usijali tumeshafanya".
3. Kupanga foleni kwenye ofisi ya tiketi pale pale kwa nafasi zilizobaki. Njia hii ni ya mtu mwenye siku nyingi na subira, usiitegemee kama umekuja kwa siku mbili.

Jaza jina kama lilivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi, na namba ya pasi hiyo hiyo utakayoibeba. Sisi tuna hii tabia, pasi inasema majina matatu mtu anajaza mawili, au anajaza la utani. Getini wanalinganisha kibali na pasi halisi na wakiona tofauti wanaweza kukuzuia. Pia mgeni analipa zaidi ya raia, kama ilivyo kwenye hifadhi zetu wenyewe, kwahiyo usijaribu kubukiwa kwa jina la rafiki Mhindi ili upate bei ya chini.

Buku safari mbili kwa uchache, tatu kama unaweza, na kwenye kanda tofauti.

Hatua ya 3: Chagua kanda kwa akili

Kama unataka vyote, magofu na wanyama kwa pamoja, kanda 3 ndio ya kuanza nayo. Huko kuna bwawa la Padam Talao, pembeni yake jumba la mawe mekundu la Jogi Mahal, na nyuma ya jumba kuna mti wa mbanyani mkubwa mno, unatajwa kati ya mikubwa ya India nzima. Ukiinua macho ngome iko juu kabisa. Kuna na bwawa la Rajbagh lenye magofu ya majumba ya kupumzikia ya wafalme, kuta zimeliwa na mizizi, na chui milia wamepigwa picha wamelala kwenye vibaraza vyake. Mabwawa haya ndiyo yalikuwa himaya ya Machli, yule jike aliyepigwa picha nyingi mno na aliyepigana na mamba akamuua. Alikufa Agosti 2016 akiwa mzee. Chui milia wengi wa Ranthambore wa leo ni wa ukoo wake.

Kanda 4 ina Malik Talao, nzuri pia. Kanda 1, 2 na 5 ni pori na mabonde zaidi. Kanda 6 mpaka 10 watu wanazidharau bure, kule kuna siku wanaonekana vizuri kuliko kanda za katikati na magari ni machache, tatizo ni umbali, mageti yake yako mbali na hoteli nyingi.

Onyo: mtu yeyote akikwambia mjini ongeza hela kidogo nikubadilishie kanda, achana naye. Kanda inaandikwa kwenye kibali.

Hatua ya 4: Fika Sawai Madhopur

Mji wa hifadhi unaitwa Sawai Madhopur na uko kwenye reli kuu ya Delhi kwenda Mumbai, kwahiyo treni ndio usafiri wa maana. Kutoka Jaipur ni masaa mawili hivi mpaka matatu. Kutoka Delhi kama masaa manne mpaka sita kutegemea treni, na angalia vizuri stesheni maana nyingi zinaondokea Hazrat Nizamuddin sio New Delhi, na foleni ya Delhi kati ya stesheni moja na nyingine inaweza kukukosesha treni. Alama za stesheni kwenye mfumo wao ni SWM kwa Sawai Madhopur, JP kwa Jaipur, NZM kwa Nizamuddin. Ukitoka Dar au Nairobi kuna ndege za moja kwa moja mpaka Mumbai, kutoka pale unaweza kuunga ndege ya Jaipur, ndio uwanja wa karibu.

Tiketi ya treni ikiandikwa WL maana yake uko kwenye orodha ya kusubiri, HUNA kiti, usipande ukidhani utaelewana na kondakta. RAC maana yake umepata nusu nafasi, utaingia ila mtagawana kiti.

Na tafadhali, saa. Tiketi yao ikisema 06:30 hiyo ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya kwetu, sio saa sita na nusu mchana, na ikisema 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Hili linawakosesha watu treni na safari hasa wakiwa wamechoka na ndege. Weka simu kwenye masaa 24 siku unayotua. India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa masaa mawili na nusu, usisahau ile nusu.

Ukishuka stesheni chukua bajaji mpaka hotelini, patana bei kabla hujakaa. Hoteli na gesti nyingi ziko kwenye barabara ya kuelekea hifadhini, Ranthambore Road. Ukilala hapo gari la safari linakufuata mlangoni kwa urahisi.

Hatua ya 5: Usiku wa kabla ya safari

Uliza hoteli gari linakuja saa ngapi na wewe uwe nje dakika 10 kabla. Toa pasi HALISI weka kwenye jaketi utakalovaa. Chaji kamera. Kunywa maji, kula chakula chepesi, Rajasthan chakula ni cha mboga na dengu kwa sehemu kubwa na kina pilipili ya kweli, sio usiku wa kujaribu kila kitu. Ndani ya gari hakuna choo na hauruhusiwi kushuka, kwahiyo chai ya vikombe vitatu alfajiri fikiria mwenyewe.

Hatua ya 6: Ndani ya hifadhi

Simu kwanza. Mwishoni mwa 2025 Mahakama ya Juu ya India iliagiza simu zisitumike kwenye maeneo ya utalii ndani ya kiini cha hifadhi za chui milia. Chanzo ni vitu tulivyokuwa tunaviona kila siku, waongoza wageni wanapigiana, chui milia akionekana sehemu magari yote yanakimbilia hapo, watu wanasimama juu ya viti kupiga selfie na mnyama amezingirwa. Kwahiyo jiandae kuiacha au kuizima na kuitunza, ndio maana nikasema kamera.

Sasa jinsi ya kutafuta. Usitumie macho tu, tumia masikio, na hili ndio watu wetu waliozoea mbuga za nyasi wanapata shida nalo. Serengeti unaona simba kilomita mbili mbele. Hapa pori ni la miti mikavu na mawe, mnyama anaweza kuwa hatua 20 pembeni usimuone. Wanaomtoa ni wenzake. Langur, wale tumbili wakubwa wa kijivu wenye uso mweusi, wanakaa juu ya miti na wakimuona wanakohoa kwa ukali. Chital, kulungu mwenye madoa meupe, anapiga mlio mkali mwembamba. Sambar naye ni kulungu mkubwa, ana ukubwa wa kuro au kuzidi, na huyu akitoa mlio wake ule mzito wa ghafla, akarudia, akarudia, jua kabisa chui milia anatembea, maana sambar hapigi kelele ovyo. Dereva akizima gari na kunyamaza na wewe nyamaza. Dakika 15 za ukimya kwenye mlio wa sambar zina faida kuliko saa zima la kuzunguka.

Angalia na mchangani. Nyayo zake anaziacha barabarani kwasababu anapenda kutembea pasipo na miiba, sawa na wewe.

Kanuni ni chache ila ni za kweli: usishuke, usisimame ghafla, usirushe chakula, usipige makelele, usimwambie dereva asogee zaidi hata kama gari la jirani limesogea. Dereva akivunja sheria ili kukufurahisha anayefungiwa ni yeye.

Na angalia vingine jamani. Kuna mamba wametanda kwenye kingo za mabwawa, kuna tausi wa porini juu ya kuta za magofu, kuna nilgai, swala mkubwa wa India, kuna nguruwe mwitu, ukibahatika dubu au chui wa kawaida. Kuna ndege wa kahawia mwenye mkia mrefu, treepie, atakuja mpaka kwenye gari kuomba, usimpe kitu.

Hatua ya 7: Panda ngome, na uipe nusu siku yake

Hii haihitaji kibali cha safari. Narudia maana swali hili ndio linaongoza: kwenda ngomeni hauhitaji kibali cha safari. Barabara inaingia hifadhini mpaka chini ya kilima, unakodi jipu au bajaji asubuhi mjini akupeleke akusubiri. Kutoka hapo ni ngazi za mawe, dakika 20 mpaka 30 kwa mwendo wa kawaida.

Ukipanda utapita mageti, la kwanza Naulakha, alafu Hathi Pol yaani geti la ndovu, Ganesh Pol na kuendelea. Tazama njia inavyokunjwa kati ya kuta, adui hapati sehemu ya kuja kwa kasi, hata akiwa na ndovu wa vita.

Historia kidogo tu ili mawe yaongee. Ngome ilijengwa na watawala wa ukoo wa Chauhan karibu karne ya 10. Mfalme wao mashuhuri hapa ni Hammir Dev. Wanajeshi Wamongolia walioasi jeshi la Delhi walimkimbilia, Sultani Alauddin Khalji akawataka, Hammir akakataa kuwatoa watu waliokwisha kuwa wageni wake. Sultani akaja na jeshi akazingira kwa miezi. Mwaka 1301 ngome ikaanguka, Hammir akafa vitani, na wanawake wa jumba la kifalme walijitosa motoni kuliko kutekwa. Kisa hicho bado kinasimuliwa Rajasthan nzima na ukisimama juu ya ukuta ukaona jinsi pori lilivyozunguka pande zote unaelewa kwanini hawakuwa na pa kukimbilia. Baadae ikachukuliwa na Akbar, mfalme wa dola la Mughal, miaka ya 1560, na karne ya 18 ikaishia kwa wafalme wa Jaipur. Tangu 2013 iko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na ngome nyingine tano za Rajasthan.

Juu usikimbilie hekalu tu ukashuka. Tafuta kibanda cha nguzo 32, watu wa pale husema Hammir alikijenga kwa kumbukumbu ya baba yake aliyetawala miaka 32. Ingia kwenye magofu ya jumba la Hammir. Kuna mabirika makubwa ya mvua yaliyochongwa kwenye jiwe, hayo ndio yaliwafanya waweze kuvumilia kuzingirwa. Kuna hekalu la Wajaini, kuna msikiti, kuna kaburi la shehe, vyote ndani ya ukuta mmoja. Na kuna ukingo wa ukuta unaoangalia Padam Talao, kaa hapo hata nusu saa na binocular, unaona kutoka juu mabwawa uliyopita kwa gari, sambar wamezama maji mpaka mabegani wanakula majani ya bwawani.

Hekalu kubwa ni la Ganesh, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha ndovu, na huyu wa hapa ana macho matatu, Trinetra Ganesh. Familia za Kihindi zinatuma kadi za harusi hapo kwa posta, kumualika Ganesh kabla ya wageni wengine, na posta inazileta kweli. Jumatano ndio siku ya Ganesh, kunajaa sana, na sikukuu ya Ganesh Chaturthi maelfu wanapanda kwa miguu. Kama unataka ngome yenye utulivu kwepa siku hizo. Viatu vinavuliwa mlangoni, beba soksi maana mawe yanaunguza.

ONYO KUBWA: chui milia wanapanda ngomeni. Hii sio hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 2025 chui milia waliua watu eneo la ngome na njia yake, akiwemo mtoto mdogo aliyekuwa anarudi kutoka hekaluni na familia yake. Kwahiyo nenda mchana, tembea na wengine, shika mtoto mkono muda wote, usiingie kwenye vichaka au magofu ya pembeni yasiyo na watu, usikae mpaka giza, na askari wakisema njia imefungwa leo imefungwa. Usibishane nao.

Langur nao wamezoea waumini. Ukishika mfuko wa plastiki wenye kitu cha kula wanakuja kuuchukua. Weka kila kitu ndani ya begi lenye zipu.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa siku mbili

Siku ya kwanza ufike mchana, safari ya mchana kanda 3 au 4. Siku ya pili safari ya asubuhi kanda nyingine, urudi ule, upumzike, uende ngomeni saa nane hivi za mchana ushuke kabla jua halijazama. Kama ni Aprili mpaka Juni geuza, ngome asubuhi na safari mchana, maana yale mawe saa nane mchana ni tanuru. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kutoka Jaipur inawezekana ila utapata kitu kimoja tu kati ya viwili.

Ukikwama

*Nafasi zimejaa mtandaoni.* Jaribu Canter badala ya Gypsy, jaribu kanda 6 mpaka 10, jaribu katikati ya wiki. Zote zimegoma, piga simu hoteli mbili tatu, wakati mwingine kuna watu wanaghairi. Ikishindikana kabisa nenda ngomeni, barabara yenyewe inapita porini na wanyama wanaonekana.

*Malipo yanakataa.* Sio wewe, ni kadi. Piga benki yako waifungulie malipo ya nje, ikishindikana pitia hoteli.

*Jina limekosewa kwenye kibali.* Usisubiri getini. Nenda ofisi ya tiketi na pasi mapema, sio dakika tano kabla gari kuondoka.

*Safari mbili na sijaona chui milia.* Inatokea sana. Kama una siku ya ziada ongeza safari moja ya asubuhi kwenye kanda tofauti na usirudie ile ile kwa hasira. Usikubali "safari ya usiku" ya kichochoroni, mahakama hiyo hiyo ilikataza utalii wa usiku.

*Gari limeharibika ndani.* Kaa kwenye gari. Dereva anajua namna ya kupata msaada, na magari mengine yanapita.

*Tumbo limechafuka.* Maji ya chupa yenye lakiri, chumvi ya kuongeza maji mwilini duka la dawa lolote wanaita ORS, na ahirisha safari ya asubuhi bila aibu.

*Nina mtoto mdogo.* Masaa matatu na nusu ya vumbi, baridi au joto bila choo, wewe unamjua mtoto wako. Ngome ukiwa na anayetembea mwenyewe inawezekana kwa masharti niliyosema juu.

*Nimeambiwa Sariska ni karibu zaidi na Delhi, niende huko?* Sariska nayo ina chui milia na magofu, lakini chui milia wake wote waliisha kwa ujangili miaka ya 2004 na 2005, na kuanzia 2008 wakaanza kuhamishiwa wengine kutoka hapa hapa Ranthambore. Ni pazuri, ila kwa mara ya kwanza anza Ranthambore.

Kama una swali ambalo halijajibiwa hapo juu uliza, ila andika na mwezi unaotaka kwenda na uko mji gani India, bila hivyo siwezi kukusaidia kitu.